Si Kila Homa ni Malaria

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Nadhani aliyeitunga methali hiyo hakuwahi kuishi Kanyangi. Sisi tuishio huku Kitui, karibu na Mto Athi unaotutenga na Makueni, tumeyaona mara nyingi mawingu mazito yakitanda juu ya mashamba yaliyokwisha kutifuliwa, kisha yakapita zake bila ya kutuachia tone. Ndiyo maana mzee wa huku hasemi mvua imenyesha mpaka aone udongo umelowa. Ajabu ni kwamba hekima hiyo tunaisahau mtu anapopatwa na homa. Hapo wingu likionekana tu, sote hupiga kelele kwamba mvua imefika.

Nakiri kwamba nami nimo katika kundi hilo. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa zamu katika shule moja ya upili mwanafunzi wa kidato cha pili alipoletwa kwenye chumba cha walimu akitetemeka. Sikumwuliza mengi. Nilifungua mtoto wa meza, nikatoa vidonge vya malaria vilivyosazwa na mgonjwa mwingine, nikampa pamoja na maji. Jioni joto lilipungua kidogo, nami nikajisifu moyoni. Siku ya tatu alikuwa akihema kama mtu aliyepanda kilima mbio. Alipofikishwa hospitalini na kupimwa damu, hakukutwa na kimelea hata kimoja cha malaria. Alikuwa na nimonia. Alipona, namshukuru Mungu, lakini siku tatu nilizompotezea bado zinanisuta.

Kosa langu lilianzia katika lugha. Kiswahili chetu cha kila siku hulitumia neno "homa" kwa joto la mwili na kwa malaria vilevile. Mmoja akisema "nina homa", mwenziwe husikia "nina malaria". Walimu wenzangu, tuwafunze wanafunzi kuvitenga vitu hivi viwili. Joto la mwili ni dalili. Malaria ni ugonjwa uletwao na vimelea vinavyoingizwa damuni na mbu jike wa jamii ya Anofelesi. Nimonia huleta joto. Homa ya matumbo huleta joto. Maambukizi ya njia ya mkojo huleta joto. Hata mafua huleta joto.

Utafiti umeonyesha jinsi mchanganyiko huu unavyoua. Mwaka wa 2004 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Wagonjwa 4,474 waliokuwa wamelazwa hali zao zikiwa mbaya, wakihesabiwa kuwa na malaria kali, walipimwa damu upya kwa makini. Waliokutwa na vimelea ni 2,062 tu, yaani hawakufika nusu. La kuhuzunisha zaidi ni hili: miongoni mwa waliokuwa na vimelea walifariki asilimia 6.9, ilhali miongoni mwa wasiokuwa navyo walifariki asilimia 12.1. Waliotibiwa ugonjwa wasiokuwa nao walikufa kwa wingi kuliko waliokuwa nao!

Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka wa 2014, uliwahusu watoto 1,005 wenye homa waliofikishwa kwenye vituo vya afya Dar es Salaam na Ifakara. Wenye malaria walikuwa asilimia 10.5. Waliokuwa na maambukizi ya njia ya hewa walikuwa asilimia 62.2. Ikiwa hali ni hiyo Ifakara, mahali ambapo mbu si mgeni, je, itakuwaje hapa petu palipokauka? Katika uchunguzi wa kitaifa wa malaria uliofanywa Kenya mwaka wa 2020, watoto waliokutwa na vimelea walikuwa asilimia 6 nchini kote, na asilimia 19 katika maeneo ya Ziwa Viktoria. Kitui haimo katika maeneo hayo. Malaria ya huku hufuata mvua na wasafiri.

Hata hivyo, msomaji asije akafikiri nasema malaria haipo Kanyangi. Hapo ndipo penye mtego wa pili. Anayeishi kando ya ziwa huumwa na mbu mara kwa mara tangu utotoni, na mwili wake hujifunza kupambana na vimelea. Sisi hatuna kinga hiyo. Kwa hiyo mvua za Oktoba hadi Desemba zinapozidi, au jamaa anaporejea kutoka Kwale au Kisumu na vimelea damuni, ugonjwa unaweza kumlemea mtu mzima kama unavyomlemea mtoto. Basi kuidhania kila homa kuwa malaria ni hatari, na kuipuuza malaria kwa sababu si ya kwetu ni hatari vilevile. Njia ya kuepuka makosa yote mawili ni moja: kupima damu.

Tangu mwaka wa 2010 Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa. Kipimo cha haraka huhitaji tone la damu ya kidole na muda wa robo saa au zaidi kidogo. Hunasa protini inayotolewa na vimelea. Si kipimo kisicho na dosari. Protini hiyo yaweza kubaki damuni kwa majuma kadhaa baada ya mtu kupona, na huko Eritrea na Djibouti vimezuka vimelea visivyoitoa kabisa. Kwa sababu hiyo darubini ya maabara haijastaafu. Lakini kipimo chenye dosari chache ni bora mara nyingi kuliko macho ya mwalimu wa zamu.

Wapo watakaosema, "Hata asipokuwa na malaria, dawa haitamdhuru." Historia yajibu. Klorokwini, ile dawa chungu iliyotuwasha ngozi utotoni, ilishindwa na vimelea, na mwaka wa 1998 Kenya ikaiacha na kugeukia dawa za salfa. Hizo nazo hazikudumu. Mwaka wa 2004 iliamuliwa tutumie dawa mseto yenye artemeta, nayo ikaanza kusambazwa mwaka wa 2006. Sasa watafiti wameonyesha kwamba katika nchi jirani za Rwanda, Uganda na Tanzania vimelea vimeanza kuistahimili kwa kiasi jamii hiyo ya dawa. Kila kidonge kinachomezwa ovyo, na kila dozi inayokatizwa kabla ya siku zake tatu kwisha, huvipa vimelea nafasi ya kujifunza.

Chanjo ipo, Kenya ilianza kuitoa mwaka wa 2019 katika kaunti za magharibi zenye malaria nyingi. Kwetu kinga ingali chandarua chenye dawa. Majaribio yaliyofanywa Kilifi miaka ya 1990 yalionyesha kwamba chandarua kilipunguza vifo vya watoto wadogo kwa thuluthi moja. Aidha, tufunike mapipa na matangi yetu ya maji. Mbu mgeni kutoka Asia, Anopheles stephensi, azaliaye katika maji yaliyohifadhiwa nyumbani, ametangazwa kuonekana Marsabit, kaunti kame kama yetu.

Kwa walimu wenzangu nina ombi dogo. Mwanafunzi akishikwa na homa, tusifungue mtoto wa meza. Tuchukue karatasi tuandike mambo matatu: homa ilianza lini, alisafiri wapi mwezi uliopita, na amekwisha kumeza dawa gani. Kisha aende kituo cha afya na karatasi hiyo, siku iyo hiyo. Nawe mwanafunzi, ukiambiwa huna malaria, usinung'unike kwamba umenyimwa dawa. Uliza swali ambalo mimi sikuliuliza: "Basi, naumwa nini?"

Mtoto wa meza yangu siku hizi una chaki na kalamu nyekundu tu.