Kompyuta Analogi: Ununue, Uunde au Uigize?

Katika kompyuta analogi, volteji yenyewe ndiyo namba. Sehemu zake zote hufanya kazi kwa pamoja, kwa hiyo ukizungusha potenshometa unaliona jawabu likibadilika papo hapo. Kwa anayejifunza mitetemo, joto au ongezeko la wanyama mwituni, faida hiyo ni kubwa. Njia za kuipata kompyuta hiyo ni tatu, na gharama zake zinapishana sana.

Kununua. The Analog Thing ya kampuni ya anabrid, Ujerumani, ilianza kuuzwa kwa takriban euro 300. Ina integreta 5, yaani saketi zinazolimbikiza volteji kadiri muda unavyopita, pamoja na vizidishi 2. Hutumia umeme wa USB, na michoro yake iko wazi kwa yeyote. Ukiwa nje ya Ulaya, ongeza nauli ya mzigo na ushuru.

Kuunda. IC moja ya TL074 ina vikuza 4, na bei yake ni ndogo mno. Kuonyesha uzito unaocheza kwenye springi kunahitaji vikuza 3 tu: integreta 2 na kigeuza alama 1. Ongeza rezista, kapasita, bredibodi na betri 2 za volti 9. Usibane pesa kwenye kapasita: nyingi za bei rahisi hupishana na thamani iliyoandikwa kwa asilimia 10 au zaidi, na kasi ya integreta hupotoka kwa takriban kiasi hichohicho. Chagua za filamu.

Kuigiza. Programu ya LTspice ni bure, na hutachoma kitu. Ila kila ukibadili thamani, sharti uanze hesabu upya.

Kwa mashine ya kununua na ya kuunda, tegemea tarakimu 2 au 3 za uhakika. Anayetaka usahihi wa tarakimu 10 abaki na kompyuta ya kawaida.

Mwanafunzi anayejitegemea aanze na LTspice, kisha ahamie TL074. Shule yenye madarasa mengi inunue mashine kamili, kwa sababu nyaya za bredibodi hulegea zikichomolewa kila siku.

Lakini kabla ya yote, tenga fedha za osiloskopu ya kulionyesha jawabu, hata iliyotumika. Mashine unaweza kuiunda kidogokidogo. Mchirizi wa jawabu usipouona, hujajifunza kitu.