Wenyeji wa Maji ya Baridi

Aliyelala mitaa ya Mashariki ya Nairobi huzizowea sauti za usiku wake: matatu ya mwisho, mbwa wa jirani, kisha adhana ya alfajiri. Mwezi wa Oktoba mwaka 2022 nilikuwa mgeni wa mpwa wangu huko Makadara, na iliyoniamsha haikuwa moja katika hizo. Ilikuwa kengele, na kwato juu ya lami. Nilipofungua dirisha niliona migongo ya ng'ombe ikipita chini ya taa za barabara, mmoja nyuma ya mwingine, mbavu zao zahesabika, na nyuma yao vijana wawili na mzee mmoja amejitanda shuka nyekundu. Walikuwa wakielekea kwenye kipande cha majani kando ya reli.

Asubuhi mtaa mzima ulikuwa na neno. Mama muuza mboga aliliwa sukuma wiki yake karibu yote. Mlinzi wa lango alisema Wamaasai wameuvamia mji. Mpwa wangu, kijana wa ofisini ambaye hajapata kumgusa ng'ombe ila kwenye sahani, naye akaniuliza: "Mjomba, hawa watu hawana kwao?"

Swali hilo ndilo lililonitia kalamu mkononi.

Jina la mji huu si la Kiingereza, wala si la Kiswahili. Ni la Kimaasai: Enkare Nairobi, maana yake maji ya baridi. Kabla ya reli kufika, mwisho wa Mei mwaka 1899, hapa palikuwa na mto, kinamasi, na uwanda wa udongo mweusi ule unaokamata kiatu masika na kupasuka kiangazi. Hapakuwa na mji, lakini msidhani palikuwa patupu. Kiangazi kilipokaza huko chini nyanda za Athi na Kajiado, na mabwawa ya mvua yakawa vumbi, wafugaji walipanda na mifugo yao kufuata maji yasiyokauka. Wamaasai wana mafungu yao, na kila fungu lina nchi yake: Wakaputiei uwanda wa Athi, Wakeekonyokie upande wa Ngong, na wengineo. Masika kila mtu hukaa kwake. Kiangazi mipaka hulegea, kwa sababu maji ni machache na ng'ombe hajui mpaka. Kisima kina waliokichimba, nao ndio wenye kupanga zamu za kunywesha. Mto hauna aliyeuchimba. Walipokutana hapo walipashana habari, waliposana, walidaiana madeni ya mitamba, na wanawake wakenda ukingoni mwa msitu kubadilishana ngozi na maziwa kwa nafaka na viazi vya Wakikuyu. Biashara hiyo ya wanawake haikukatika hata pale waume zao walipokuwa vitani.

Sisi wa Pwani tulipajua pia. Misafara ya pembe za ndovu kutoka Mombasa na Pangani ilikuwa ikitua Ngongo Bagas, karibu na hapa, kununua chakula kabla ya kuingia Bonde la Ufa. Jumbe Kimemeta wa Pangani alipita njia hiyo mwaka 1883 pamoja na Mwingereza Joseph Thomson. Ndipo nikawa sishangai kuona majina yetu yametapakaa upande huu wa mji. Pangani iko. Kaloleni iko, Makongeni iko, Majengo iko. Pumwani, mtaa ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ni penye kupumua. Ziwani jina lake lajieleza. Na hata maji yenyewe ni jamaa zetu: mto wa Nairobi huingia Athi, Athi ikawa Galana, Galana ikawa Sabaki, na Sabaki ikamwaga bahari yetu ikawa nyekundu baina ya Malindi na Mambrui. Maji anayokunywa ng'ombe wa Makadara, asiyoyamaliza hutufikia sisi, ingawa siku hizi nisingemshauri mtu ayaonje.

Wamaasai waliondokaje basi? Hawakuondoka kwa kupenda. Miaka ya 1890 ilikuja sotoka ikafyeka ng'ombe, ikafuata ndui ikafyeka watu, na baada yake njaa. Waliobaki walipoinua vichwa waliikuta reli imekwisha pita katikati. Mkataba wa mwaka 1904 uliwatoa Bonde la Ufa ukawagawa sehemu mbili, Laikipia kaskazini na nchi ya kusini, kwa ahadi ya kudumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Wamaasai walikuwapo bado duniani mwaka 1911, walipoandikiwa mkataba mwingine wa kuwatoa Laikipia. Walikwenda mahakamani, na kesi ikatupwa mwaka 1913. Mji nao ukakua juu ya malisho ya kiangazi. Mwaka 1946 upande wa kusini ukawekewa mpaka ukawa mbuga ya wanyama ya taifa, ya kwanza katika Kenya. Huku Mashariki ikajengwa mitaa ya wafanyakazi mmoja baada ya mwingine: Shauri Moyo, Kaloleni, Bahati, Mbotela, Jericho, na baadaye Buruburu, Umoja na Dandora.

Mnyama wa mwitu alibakiwa na ukumbusho wake. Nyumbu wa Athi hadi leo hutoka mbugani mvua ikinyesha, na kiangazi hutaka kurudi kwenye mto Mbagathi, ila ua za Kitengela zimemzibia njia na idadi yake imeanguka vibaya. Nyumbu akirudi huitwa mali ya taifa, na wageni hulipa kumtazama. Mmaasai afuataye njia ile ile, kwa sababu ile ile, huitwa mvamizi.

Nimesoma habari za watu wa kaskazini kabisa ya Uswidi, Wasami, wafugaji wa kulungu wa nchi ya barafu, ambako jua la majira ya baridi ni la kuchungulia tu. Nao walikuwa na mahali pao pa kukutania katikati ya majira hayo. Panaitwa Jokkmokk. Tangu mwaka 1605 hufanyika soko hapo kila Februari. Mfalme ndiye aliyeliamuru, apate kukusanya kodi, hapana wema hapo. Lakini mji ulioota juu ya makutano yale hauwaulizi Wasami wamefuata nini. Februari ikifika, mji wenyewe hungoja kulungu wapite barabarani.

Nilimwendea yule mzee kando ya reli. Tuliamkiana, nikamwita mzee naye akaniita mzee, maana mvi zetu zilikuwa sare. Sikumwuliza idadi ya ng'ombe. Hilo si swali la kuulizwa mtu. Alinieleza kwamba wametoka ndani ya Kajiado, wakitembea usiku kukwepa magari. Misimu minne ya mvua ilikuwa imepita bila mvua ya maana, na huu wa tano ulikuwa ukifuata njia ya wenzake. Nikamwuliza kwa nini mjini, kwenye moshi na askari.

"Mzee," akasema, "baba yangu alikuja hapa. Mimi nilikuja mwaka 2009, nikaja 2017. Majani ya Nairobi hayafi haraka."

Kweli hayafi. Kando ya barabara kuna mitaro inayovuja na mabomba yaliyopasuka, na mahali penye uchafu wetu majani ni mabichi mwaka mzima.

Jioni kamati ya mtaa ilikutana chini ya mwembe, kwani mzee alikuwa ameomba maji ya bomba kwa ndama, mtaro ukiwa unawaharisha. Hapa, msomaji, nisimlaumu mtu. Maji ya mfereji mitaa hii huja kwa zamu, siku nyingine yasije kabisa, na mtu anayenunua mtungi wa lita 20 huona uchungu kuumwaga mbele ya ndama. Mmoja alitaka walipe kwa mtungi. Mwingine alitaka waitiwe askari. Mimi nilikumbuka tuliyofundishwa chuoni juu ya maji, malisho na moto, kuwa ni vya ushirika, lakini mgeni hapigi kura, nikanyamaza. Aliyekata shauri ni yule yule mama wa sukuma wiki. Alisema yeye ndiye aliyeliwa mali, na kama yeye asema ndama wanywe, nani mwingine ana dai? Wakapewa mitungi kumi kila jioni, siku za maji. Siku zisizo na maji walikosa kama sisi. Naye alilipwa maziwa, machache, kwa kuwa ng'ombe wenyewe walikuwa mifupa.

Ndama wanne walikufa pale. Katika Kenya nzima ukame ule uliua mifugo zaidi ya milioni 2, kwa hiyo wanne si habari ya gazeti, lakini niliwaona watoto wa mtaa wakisimama kimya kumtazama wa kwanza.

Mvua ilirudi Machi mwaka 2023. Mpwa wangu alinipigia simu Mombasa kunambia kwamba mzee amekwenda kumuaga nyumbani. Kipande kile cha majani kilikuwa kimekwisha pata mwenyewe, na mafundi walikuwa wakijenga ukuta wa mawe. Mzee aliutazama ukuta kwa muda, kisha akamwuliza lango litakuwa upande gani.