Dullah Omar, Waziri Asiyelipa Kisasi

Yafaa watoto wetu wasikie habari za Dullah Omar. Alizaliwa Cape Town mwaka 1934, akawa wakili wa walioonewa na sheria za ubaguzi, hata Nelson Mandela alipokuwa kifungoni. Kwa ajili hiyo alifungwa bila hukumu, na askari wa siri wakala njama ya kumwua, wasifaulu.

Mwaka 1994 Mandela alimfanya Waziri wa Sheria. Sasa nguvu zimo mkononi mwake. Je, alilipa kisasi? Sivyo. Kwa sheria ya mwaka 1995 aliyoipeleka bungeni, iliundwa Tume ya Ukweli na Upatanisho. Omar alikuwa Mwislamu; mwenyekiti wa tume alikuwa Askofu Mkuu Desmond Tutu. Mtu aliyetenda maovu kwa ajili ya siasa, akiyaungama yote, aliweza kusamehewa. Mbele ya tume hiyo njama ile ya kumwua Omar nayo ilifunuliwa.

Alifariki mwaka 2004. Walimu, wasimulieni watoto.