Kwa nini oili hufika kwenye chujio la hewa

Mwezi huu wakubwa wanajifunza maneno ya gari, na swali moja limeletwa kutoka nyumba kadhaa: chujio la hewa limelowa oili, fundi anasema injini imekwisha, tufanyeje? Pengine imekwisha kweli. Lakini kabla hamjatoa maelfu ya randi kufumua injini, kuna vitu vidogo vya kuangalia.

Petroli inapowaka ndani ya silinda, ringi za pistoni huzuia gesi isishuke. Haziwezi kuizuia yote, hata injini ikiwa mpya. Gesi inayopenya huingia chini kwenye sampu, yaani karai la oili, na ni lazima itoke. Zamani ilimwagwa barabarani tu. Kuanzia miaka ya 1960, California ikitangulia, watengenezaji wakairudisha kwenye injini ikaungue. Kwa kawaida kuna hosi mbili: moja ina valvu ndogo na huvutwa na injini, nyingine imeunganishwa na njia ya chujio la hewa. Gesi hiyo hubeba ukungu wa oili, kwa hiyo utando mwembamba ndani ya hosi ni jambo la kawaida. Oili ikituama, hapo kuna shida.

Hapa Durban tunaishi chini ya mlima. Ukipanda N3 kwenda Pietermaritzburg, gari limejaa watu na mizigo, unatoka usawa wa bahari hadi kama mita 600. Ukikanyaga mafuta sana, gesi inayopenya huongezeka, na mvuto kwenye valvu hupungua. Gesi hukimbilia hosi ya pili, na chujio hulowa.

Anzeni na kijiti cha oili. Kazi hii mtoto anaweza kuifanya akiwa na mzazi. Gari liwe mahali tambarare, limezimwa dakika kumi. Futa kijiti, kichomeke, kisome. Kati ya alama mbili, kwa magari mengi, ni kama lita 1 tu, kwa hiyo anayeongeza oili kwa kukisia huzidisha upesi. Ikizidi, krankshafti huipiga kama mtu anayepiga mayai, povu likapanda kwenye hosi. Dawa ni kupunguza oili, basi.

Kisha valvu. Ichomoe, itikise: valvu nyingi za zamani zikiwa nzima hulia kama njuga. Injini ikiwa inanguruma taratibu, weka kidole mdomoni mwa valvu, usikie inavuta. Ikiwa kimya, isafishe au nunua nyingine. Kagua na hosi. Tazz za mwisho zilitoka kiwandani Prospecton mwaka 2006, na mpira wa umri huo hukauka ukapasuka. Kwa safari fupi fupi za mjini, ndani ya hosi hujaa uji mweupe wa maji na oili, nao huziba.

Sisi wauguzi tunajua mpira ulioziba hufanya nini: shida haionekani kwenye mpira, inaonekana kwa mgonjwa. Gesi isipopata njia, shinikizo husukuma oili kwenye sili na gaskiti. Mtu anabadilisha sili, inavuja tena, anamlaumu fundi. Valvu kwanza, sili baadaye!

Kama oili ni sawa, valvu nzima na hosi wazi, fungua kifuniko cha kutilia oili injini ikinguruma. Kupumua kidogo si neno. Ikisukuma moshi kwa nguvu, na bomba la nyuma linatoa moshi wa buluu, mwambie fundi apime kompresheni. Ikiwa chini, huenda alisema kweli tangu mwanzo.

Kuna wanaochomoa hosi na kuiacha ininginie. Msifanye hivyo. Harufu yake huingia ndani ya gari walipo watoto, vumbi huingia kwenye injini, na oili hudondoka barabarani.

Mkishasafisha, futeni boksi la chujio na mweke chujio jipya. Andikeni kilomita na kipimo cha kijiti kwenye daftari, kisha mfungue tena baada ya kilomita 500. Watoto waje na daftari hilo darasani. Tutasoma tarakimu zake kwa Kiswahili.