Mwizi ana jina lake: wakati wizi unapozidi ghafula kijijini



Leo tunaongea juu ya wizi unaozidi ghafula. Jana watu walilala bila hofu. Leo mihogo inang'olewa usiku, mbuzi wanapotea, wasafiri wananyang'anywa njiani. Mara moja tunasema: "Ni wale waliokuja." Tuulize kwanza: nini kimebadilika?

Vita vinapofukuza watu, mashamba yanabaki nyuma. Familia tatu zinakula shamba la familia moja. Silaha zinazagaa, na hakimu yuko mbali. Mwenye njaa anaiba muhogo. Mwenye bunduki anachukua ng'ombe, akijua lawama itaangukia kabila fulani.

Tumekwisha kuyaona. Machi 1993, mauaji yalianza sokoni Ntoto, katika eneo letu la Walikale, yakaenea Masisi, maelfu walikufa. Tangu 1994, wakimbizi wa Rwanda walipoingia Kivu pamoja na maaskari walioshindwa, ng'ombe wa Masisi waliporwa makundi kwa makundi. Mwaka 2016, hapa Buleusa, Wakobo, Wanande na Wahutu waliogopana, na familia zikahama tena. Kosa la wachache likabebeshwa wote.

Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 17, inasema kila mtu anajibu kwa kosa lake mwenyewe. Hakuna anayefungwa kwa kosa la mwingine. Kwa hiyo tufanye hivi:

Moja: aliyeibiwa aseme kwanza nini kimepotea, siku gani, mahali gani. Chifu aandike, ndipo tutafute nani.

Mbili: barza iwe na wenyeji na waliohama, wanaume na wanawake. Mama anayewahi shamba asubuhi ndiye anayeona nyayo.

Tatu: aliyeshikwa apelekwe kwa polisi. Tusimpige, tusimchome. Maiti haitaji wenzake.

Nne: mwenye shamba lisilolimwa aliazime mbele ya mashahidi, wapatane muda na sehemu ya mavuno. Anayevuna chake haendi usiku kwa jirani.

Wazee, mkisikia mtu akisema "kabila lile linaiba", mwulizeni: nani, jina lake? Asipokuwa na jina, hana shtaka. Ana chuki, na chuki hairudishi mbuzi wa mtu.