MCHEZO WA KUMSAKA MCHAWI: UNAVYOWEZA KUJAZA BENCHI LAKO USIKU BILA KUGOMBANISHA WATEJA

Leo naongea na wenye vijiwe vya kahawa, wauza chipsi, wenye vibanda vya mpira na wote wenye duka lenye benchi nje.

Tatizo letu tunalijua. Kuna siku hakuna mechi. Kuna siku mechi ipo ila umeme umekata. Mteja anakunywa kikombe kimoja, anachezea simu, bando likiisha anaaga. Benchi tupu na bado saa mbili usiku.

Kuna mchezo hautumii umeme wala bando, na unakalisha watu kumi saa nzima wakibishana na kucheka. Ila una mtego ndani yake, hasa kwa sisi wa Kibiti na Rufiji. Soma mpaka mwisho kabla hujauanzisha.

MCHEZO WENYEWE NI UPI

Watu wanakaa duara, kila mmoja anapewa kadi ya siri. Wachache ni wabaya, na wanajuana. Wengi ni wema, ila hawajui nani ni nani. "Usiku" ukiingia wote wanafumba macho, wabaya wanafumbua kimya kimya na kuchagua wa kumtoa. "Asubuhi" wote wanafumbua, wanabishana, halafu wanapiga kura kumtoa wanayemshuku. Basi. Kazi yote ni mdomo na macho.

Aliyeuanzisha ni Mrusi, Dimma Davidoff, miaka ya 1980 kwenye Chuo Kikuu cha Moscow. Aliuita Mafia. Hapa kwetu jina hilo halifai, maana ukitangaza "leo usiku Mafia" mtu atauliza boti inaondoka Nyamisati saa ngapi. Mwaka 1997 Mmarekani Andrew Plotkin akaugeuza, wabaya wakawa watu wanaobadilika mbwa mwitu usiku. Baadaye zikaja kadi za dukani, na mojawapo maarufu inaitwa Salem 1692. Hiyo wabaya wake ni wachawi, na wachezaji ni wanakijiji wanaowasaka.

Salem sio hadithi ya kutunga. Ni mji wa Massachusetts, Marekani. Mwaka 1692 wasichana wachache walianza kuugua ugonjwa usioeleweka, watu wakasema wamerogwa. Mmoja akatajwa, naye kwa kuogopa akataja wengine, hao nao wakataja wengine. Waliotuhumiwa walipita 150. Watu 19 walinyongwa, mzee mmoja alirundikiwa mawe mpaka akafa, na wengine walifia gerezani. Mwaka 1711 serikali ya huko ikakubali kwamba wengi walihukumiwa kwa makosa, ikalipa familia zao fidia. Waliokufa walishakufa.

Mchezo mtamu umejengwa juu ya jambo chungu. Wenzetu wanaucheza bila wasiwasi kwa sababu kwao imepita miaka zaidi ya 300. Kwetu sisi je?

KWA NINI USIUITE "MCHAWI" HAPA KWETU

Moja. Kwetu uchawi sio hadithi ya zamani. Nchi hii, hasa kanda ya ziwa, bibi zetu wameuawa kwa kuitwa wachawi, wengine kwa sababu tu macho yao ni mekundu. Na macho hayo ni moshi wa miaka mingi jikoni. Sheria ya Uchawi tuliyonayo ilianza mwaka 1928, enzi za Mwingereza, na ipo mpaka leo. Kumnyooshea mtu kidole mbele za watu kwamba ni mchawi sio utani. Kunaweza kukufikisha polisi, na yeye kukamfikisha pabaya zaidi.

Mbili. Neno likitoka mdomoni halirudi. Leo usiku mnacheka "mchawi ni bi fulani". Kesho mtoto wa jirani anaumwa. Kuna mtu atakumbuka lile neno, na hatakumbuka kwamba ulikuwa mchezo.

Tatu, na hii ni ya kwetu hasa. Mwaka 2017 Kibiti, Rufiji na Mkuranga tulipita kipindi ambacho kila mtu anakijua. Viongozi wa vijiji waliuawa, askari waliuawa, bodaboda zilizuiwa kutembea usiku, watu wakawa wanaogopana. Mchezo wa "usiku fulani ameuawa, asubuhi tumtafute nani kafanya" unaweza kumgusa mtu aliyekaa kwenye benchi lako bila wewe kujua. Huyo hatasema kitu. Ataondoka tu na hatarudi.

Kwa hiyo tunabaki na utamu wa mchezo, tunabadilisha hadithi yake. Hakuna mchawi na hakuna anayekufa.

TUNAUITA "KIBOKO SHAMBANI"

Bonde la Rufiji kila mkulima wa mpunga anajua habari hii. Mchana kiboko yupo mtoni katulia. Usiku anapanda shambani, asubuhi unakuta nyayo na mpunga umelala. Ndio maana watu wanajenga dungu na kulala humo kulinda. Hadithi ipo tayari, na hata mzee wa miaka 70 anaielewa bila kufundishwa.

Kadi: usitumie karata za kawaida. Wazee wengi hapa wakiona karata wanaona kamari, na watakukataza vijana wao. Kata boksi la sabuni au la biskuti, vipande sawa, andika kwa kalamu upande mmoja. Hakikisha migongo inafanana, isiwe kimoja kina picha na kingine hakina. Kwa watu 10 andika hivi:

Viboko 2
Msoma nyayo 1
Mlinzi wa dungu 1
Wakulima 6

Wewe mwenye kijiwe ni msimulizi, huchezi. Wakiwa 7 au 8, punguza wakulima. Wakifika 14 au 15, ongeza kiboko cha tatu. Chini ya 7 mchezo unakufa haraka, subiri watu waongezeke.

JINSI YA KUENDESHA

1. Changanya kadi, gawa. Kila mtu aangalie yake na kuificha.

2. Sema "usiku umeingia". Wote wafumbe macho na wapige mapaja taratibu, ili mtu akijigeuza asisikike.

3. Sema "viboko amkeni". Wawili wanafumbua, wanaonana, wanakuonyesha kwa kidole shamba la nani wanakula. Wanafumba.

4. Sema "msoma nyayo amka". Anakuonyesha mtu mmoja anayemtilia shaka. Wewe unatikisa kichwa tu, ndiyo au hapana. Anafumba.

5. Sema "mlinzi wa dungu amka". Anachagua shamba la kulinda usiku huo, linaweza kuwa hata lake. Viboko wakiwa wamechagua hilo hilo, hakuna kilicholiwa. Asilinde shamba moja usiku mbili mfululizo.

6. "Kumekucha." Unatangaza shamba la nani limeliwa. Huyo anatoka, anaonyesha kadi yake, na haongei tena mpaka mwisho. Hapa ndipo usimulie kwa mbwembwe: mpunga ulikuwa umeshachanua, mwenyewe alishakopa mbolea na kadhalika. Msimulizi mzuri ni nusu ya mchezo.

7. Mjadala dakika 5, tumia saa ya simu. Kila mtu aruhusiwe kujitetea. Kisha kura kwa kunyoosha mikono. Mwenye kura nyingi anaambiwa "rudi mtoni", anafunua kadi. Kura zikilingana hakuna anayetoka.

8. Usiku unaingia tena. Viboko wote wakirudishwa mtoni, wakulima wameshinda. Viboko wakilingana idadi na wakulima, bonde limeliwa, viboko wameshinda.

Mzunguko mmoja hauzidi nusu saa. Ukianza baada ya Isha, saa nne kasoro mmeshacheza mara mbili au tatu na watu wamelala mapema. Mwezi wa Ramadhani subiri tarawehe iishe, au acha kabisa mpaka Idi.

KANUNI ZA BENCHI (hizi usizilegeze)

Tunashuku alichofanya mtu kwenye mchezo, hatugusi maisha yake. Ruhusa kusema "jana ulinyamaza kura ilipopigwa". Marufuku kusema "wewe tunakujua, hata ile hela ya kikundi..." Akianza hivyo, msimulizi simamisha hapo hapo.

Heshima inabaki palepale. Mdogo anaweza kusema "shikamoo mzee, ila leo naona unarudi mtoni". Hawezi kusema "mzee muongo wewe".

Anayetoka asiwe yule yule wa kwanza kila mara. Ukiona kundi linamwandama mgeni au yule mpole, mpe yeye kazi ya usimulizi mzunguko unaofuata.

Usikusanye buku buku ili mshindi achukue. Hapo umeshaingia kwenye kamari, na kamari inataka leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Zawadi ikiwepo itoke kwako, mfano kashata kwa kundi lililoshinda.

HELA IKO WAPI

Usitoze kiingilio. Hela iko kwenye kukaa. Tuchukue mfano wa watu 11 pamoja na waliotoka wanaongalia. Kila mmoja akinywa kahawa vikombe viwili vya 200 na kashata moja ya 200, hiyo ni 600. Mara 11 ni 6,600 kwa usiku ambao ungefunga saa mbili. Mtaji wa mchezo ni boksi ulilotaka kutupa. Weka bei zako mwenyewe, mahesabu ni yale yale.

Anayetoka mapema ndiye mteja wako mzuri zaidi, maana kakaa, kaona siri zote, haruhusiwi kuongea. Mpelekee karanga au mihogo. Na wenzangu wa Nyamisati mnaohudumia wasafiri wanaosubiri boti, hii inafaa hata mchana. Abiria akiwa na mchezo hahami kwenda kwa jirani.

SASA SIKIA HII, NDIYO YA MUHIMU

Chezesha usiku tatu halafu angalia watu wanamshuku nani, na kwa sababu gani. Utasikia: "kanyamaza sana". Mwingine: "anaongea sana". "Kacheka." "Hajacheka." "Ni mgeni." Wote wana uhakika, na kura inapigwa kwa kelele.

Sasa hesabu. Watu 10, viboko 2. Usiku wa kwanza shamba moja limeliwa, mmebaki 9, na 7 kati ya hao hawana kosa. Mkipiga kura kwa hisia, nafasi 7 kati ya 9 mnamtoa asiye na hatia. Na mlinzi asipobahatisha kuokoa shamba, kura tatu mbaya zinatosha bonde lote kuliwa. Viboko hawana kazi kubwa. Wakulima wanamalizana wenyewe.

Hii mwenye duka inakuhusu moja kwa moja, kwa sababu sisi tuna msako wetu wa mchawi: chuma ulete. Unafunga duka, unahesabu, hela haitimii. Elfu 15 haipo. Akili inakimbilia kwa yule bibi aliyekuja asubuhi na noti imekunjwa kunjwa. Kesho unamkataa, au unamwambia jirani "yule mama chunga sana". Jirani anamwambia mwingine. Wiki mbili bibi hauziwi sukari kijiji kizima.

Kabla hujamtaja, soma nyayo kwanza. Deni la jana uliandika? Nauli ya bodaboda ulitoa kwenye droo ile ile? Kijana wa dukani alirudisha chenji sahihi? Mtoto wako alichukua biskuti ngapi? Soda zilizopasuka ulizitoa kwenye hesabu? Chukua daftari, kila jioni andika mistari minne: ulichoanza nacho, ulichouza, ulichotoa, ulichokopesha. Fanya mwezi mmoja bila kuruka. Mara nyingi utamkuta kiboko, na mara nyingi yumo humo humo ndani ya duka.

Hata ukimhisi kijana wako wa kazi, usimwite mwizi mbele ya wateja. Hesabuni mzigo pamoja, yeye akiwepo, halafu ongeeni wawili.

Kwenye mchezo mkikosea, mtu anageuza kadi, inasomeka "mkulima", mnapiga kelele "aaah!" mnacheka na mnaanza upya. Bibi wa watu hana kadi ya kugeuza. Hawezi kukuthibitishia kwamba yeye ni mkulima tu. Ukishamtaja, umemtaja.

Kwa hiyo kata boksi, alika watu, kahawa iwe ya moto. Na kila mzunguko ukiisha, kabla ya kugawa kadi upya, waulize swali moja tu: "Tuliyemrudisha mtoni bila kosa, tulimshuku kwa sababu gani?" Waache wajibu wenyewe.

Ukijaribu kwenye kijiwe chako, njoo uniambie hapo chini ilikuwaje. Na kama una jina zuri kuliko Kiboko Shambani, lilete tulitumie. Biashara njema.