Oili ya Giaboksi Kabla ya Town Hill

Tulipopanga safari ya Johannesburg, zaidi ya kilomita 550 kwa barabara ya N3, tegemeo letu lilikuwa Corolla otomatiki ya mwanaklabu mwenzetu. Imetembea kilomita 240,000 na imeanza kusitasita kuingia gia ya pili. Oili ya giaboksi ilibadilishwa lini? Aliyemuuzia gari alimwambia haibadilishwi kamwe.

Inabadilishwa. Katika gari la otomatiki, oili hiyo ndiyo inayosukuma klachi za ndani, tena inalainisha na kupoza. Joto ndilo linaloiua, na hapa Durban joto halikosekani: jua la Februari, foleni, halafu mlima wa Berea kila siku ya masomo. Kwa gari linalofanya kazi hivyo, wengi hubadilisha kati ya kilomita 60,000 na 100,000.

Tukaenda kwa fundi mmoja, mzee wa Kikongo. Aliliacha gari likiunguruma kwenye tambarare, akapitisha gia zote, akachomoa kijiti cha kupimia na kukifuta kwa karatasi nyeupe. Oili mpya huwa nyekundu. Yetu ilikuwa kahawia iliyokolea.

"Sasa nuseni, wanangu," akasema. Haikunuka kuungua. Hapo ndipo akakubali kuigusa, kwa sababu kama klachi zimeshaungua, oili mpya haiponyi kitu.

Tulitaka isukumwe yote kwa mashine, tumalize. Akakataa. Katika giaboksi iliyokaa miaka mingi bila kuguswa, msukumo ule unaweza kung'oa uchafu uliotulia na kuupeleka kwenye njia nyembamba za oili. Yeye humwaga kwa nati ya chini, hubadilisha filta, hujaza kiasi kilekile kilichotoka, aina ileile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. (Tuliokuja na chupa ya bei nafuu tuliirudisha kwenye begi kimyakimya.)

Kumwaga hakutoi yote. Nyingi hubaki ndani. Tukikadiria kwamba asilimia 40 hutoka kila mara, baada ya mara ya kwanza ya zamani iliyobaki ni 60, ya pili 36, ya tatu kama 22.

Johannesburg tulikwenda kwa basi. Kule Town Hill, juu ya Pietermaritzburg, tulihesabu magari matatu yamesimama pembeni, boneti wazi. Mwenye Corolla hakusema neno.

Jumamosi tunamwaga mara ya pili.